Kamba ya Mama Feza

Asubuhi niliyotoka kwetu Sange sikuwa na mpango wowote. Nilikuwa na miaka kumi na sita, shule nilikuwa nimeiachia mwaka wa tano wa msingi, na nilikuwa nimetumwa maji. Nikaweka kidumu mlangoni kwa jirani, nikapanda juu ya lori lililobeba mihogo, kwa sababu dereva alikuwa amesimama kukaza turubai na hakuniuliza kitu. Sikuwa nakimbia ubaya wa mtu. Nilitaka tu kujua yale magunia yanafikia wapi. Yalifikia Uvira, na mimi nikafikia nayo. Mama alikipata kidumu chake siku hiyohiyo. Mimi alinipata baada ya miezi minne.

Ninyi wadogo zangu mnaokalia sasa mashini zangu mbili mmeniomba niandike nilivyofanya kazi. Nitaandika, lakini msitafute humu nilichokusanya wala nani alinisifu. Nitaandika habari ya zile kamba mlizokuta zinaning'inia ukutani, mkaziita rozari za mama na kucheka mkidhani sisikii. Nilisikia. Fundi anayekanyaga mashini miaka arobaini hupoteza magoti, masikio hubaki.

Uvira nilikaa siku mbili sokoni nikimtazama mama mmoja akishona. Jina lake Mama Sifa. Alikuwa mtu mzima wa miaka kama hamsini, mwili umejaa, ameketi nyuma ya mashini nyeusi chini ya kipande cha bati, na shingoni ameweka kitambaa kilicholowa maji. Nilidhani ni fasheni ya mjini. Siku ya tatu aliacha kukanyaga.

"Weye mutoto, unaangaliaka nini hapa tangu juzi?"

"Sindano."

"Sindano iko na nini?"

"Inashuka mara nyingi na haichoki. Nataka kujua nani anaisukuma."

"Njaa njo inaisukuma," akasema. "Kaa chini. Fumua hii."

Akanitupia libaya, ile blauzi ya kitenge, au kikwembe kama tunavyokiita, iliyokuwa imembana mwenyewe. Hiyo ndiyo ilikuwa siku yangu ya kwanza kazini, na mwaka mzima uliofuata ulifanana nayo. Sikushona hata kifungo. Nilifumua. Leo mnaona fundi anaanza kwa kukata, anaharibu kitambaa cha watu, kisha anajifunza kufumua kwa machozi. Mimi nilianzia kwenye machozi. Ukifumua nguo ya mwanamke unaona maisha yake: mstari wa matundu ya zamani alipokuwa msichana, mstari wa pili baada ya watoto, wa tatu uliofanywa harakaharaka kwa ajili ya matanga ya mtu. Nilifumua na kuuliza maswali, na Mama Sifa alijibu moja kati ya matatu.

Mama Sifa hakujua kuandika namba. Alipima kwa uzi mnene wa nyavu za ndagala, dagaa wa ziwa letu. Wavuvi wa Kalundu walimpa uzi huo ukishakatika. Kila mteja alikuwa na kamba yake, na kila kamba ilikuwa na mafundo manne. Alianzia ubavuni, akapita mbele ya tumbo hadi ubavu wa pili: fundo. Kutoka hapo akapita mgongoni hadi alipoanzia: fundo. Kisha kutoka begani kushuka hadi ncha ya kifua: fundo. Mwisho akauzungusha uzi kwenye sehemu nene ya mkono, chini kidogo ya bega: fundo. Makalio aliyakisia kwa jicho, na hakukosea. Mwishoni mwa kamba alifunga kipande cha kitambaa cha kwanza alichomshonea mwenyewe, ili ajue ni ya nani. Mtu akirudi baada ya miaka, Mama Sifa alipima upya kwa kamba mpya na kuiunganisha na ile ya zamani. Kuna wateja waliokuwa na kamba tano kwenye msumari mmoja.

Alinipa sheria mbili. Ya kwanza: usipunguze kitambaa cha ndani ya mshono. Mafundi wengine walikikata pembeni kabisa ya uzi ili nguo ilale vizuri, na vipande wakavishonea kofia za watoto. Mama Sifa aliacha vidole viwili kila upande. "Hivi si vya leo," alisema. "Huyu mama iko na miaka makumi tatu na tano. Kuko mwili mwingine unakuja nyuma yake, uko mu njia."

Sheria ya pili: kipimo cha mwanamke hakisemwi kwa sauti. Fundi ana macho na vidole. Kinywa amekiacha nyumbani.

Ya kwanza niliishika mara moja. Ya pili ndiyo inayonifanya niandike.

Siku hizo zilikuja nguo nyingi za mitumba, zile tunazoita kaguwa, na ndani ya shingo kila moja ilikuwa na namba: 38, 40, 42. Akina mama ambao hawakuwahi kuuliza namba ya mlango wao wakaanza kuulizana namba ya nguo. Mmoja, mke wa mwalimu, alijitangaza kila mahali kuwa yeye ni 40. Aliponenepa aliniletea gauni la 46 na lile la zamani pamoja, akaniambia kwa sauti ya chini, "Fundi mudogo, toa ile karatasi ya shingo huku, ushone huku." Nikashona. Aliondoka amefurahi, namba 40 ikiwa juu ya mabega ya 46. Nilifanya kazi hiyo mara nyingi baadaye na sijatubu. Namba ilikuwa ya mtu wa Ulaya asiyemjua. Shingo ilikuwa yake.

Nilikaa kwa Mama Sifa miaka minane, ambayo kwa mtu kama mimi ni kifungo. Kila lori lililopita lilinivuta. Mwishowe alinipa mashini ya mkono iliyokuwa imelala chini ya kitanda chake, akaniambia, "Nenda uchoke, utarudi." Nikazunguka Kiringye, nikazunguka Sange kwetu, na nilipofika miaka ishirini na sita nikakodi kibaraza Luberizi, karibu na mahali magari ya Bukavu yanaposimama.

Kule nikanunua metre ya plastiki, ya manjano, yenye namba pande zote mbili, na daftari. Nikaona sasa mimi ni fundi wa kweli. Kamba nikaziacha. Metre inazungushwa mara moja, unasoma, unaandika, kazi imekwisha. Wateja walipenda kuona naandika. Mtu aliyeacha shule mapema hujisikia vizuri sana akishika kalamu mbele ya watu.

Mama Feza alikuwa mmoja wa wateja wangu wa kwanza Luberizi. Alikuwa na miaka arobaini na saba, mjane wa mwaka wa tatu, mama wa watoto watatu, na alilima mpunga kwenye shamba la marehemu mume wake kando ya mfereji. Mwanamke wa maneno machache, mikono mikubwa, anacheka kwa macho tu. Siku moja ya soko alikuja na kikwembe kipya cha kijani. Kwenye benchi langu waliketi akina mama wengine watatu wakisubiri. Nikamzungushia metre tumboni. Namba ilinishangaza. Nikafungua daftari: msimu wa mpunga uliopita alikuwa 84. Sasa 96.

Kuna msemo wa mafundi, mtausikia na ninyi: fundi anajua mimba kabla ya mume. Nilikuwa nimeshazijua mbili tatu kwa njia hiyo na kiburi kilikuwa kimenipanda. Nilijua vizuri kwamba mume wa huyu mama amekufa. Lakini benchi lilikuwa limejaa na nilitaka licheke.

"Mama Feza," nikasema, "nikuachie nafasi ya mutoto huku mbele?"

Benchi likacheka. Yeye hakucheka, hata kwa macho.

"Mutoto wa nani, fundi?"

"Ah, minye najua? Metre njo inasema."

Akashusha mikono, akakunja kikwembe chake bila haraka, akaondoka. Mimi nikamwita anayefuata.

Hiyo ilikuwa Jumanne. Ijumaa, mmoja wa wale wa benchi alirudi, mama muuza maharage ambaye ndiye aliyecheka kuliko wote. Hakuketi.

"Fundi, metre yako imebomoa nyumba ya muntu."

Habari ilikuwa imefika Kiringye na kurudi. Shemeji yake Mama Feza, mdogo wa marehemu, mtu aitwaye Kashindi, alikuwa amekuja na ndugu wawili, akasimama uani na kusema kwa sauti ya kusikiwa na majirani: mjane aliyebeba mimba nje hawezi kukaa kwenye nyumba ya marehemu. Amtaje mwanaume na amfuate, na aondoke kabla mpunga haujavunwa. Jumapili baada ya misa familia ingekaa kuamua.

"Na yeye anasema nini?"

"Anasema hana mimba. Kashindi anamujibu: fundi alipima."

Nitaandika ukweli. Nilifunga mashini yangu kwenye shuka. Kuondoka ndiyo kazi niliyoijua kuliko kushona. Jumamosi asubuhi nilipanda gari la kwanza, nikajiambia naenda kumwomba Mama Sifa shauri, lakini nilikuwa nimebeba hata sufuria. Mtu anayekwenda kuomba shauri habebi sufuria.

Mama Sifa aliona sufuria kwanza, kisha mimi. Akaniacha niseme yote hadi mwisho.

"Ulipima na nini?"

"Na metre."

"Mbele ilikuwa ngapi? Nyuma ngapi?"

"Metre inazunguka tu. Inatoa namba moja."

"Basi haujue alinenepa wapi."

Akanyoosha mkono kwenye misumari yake, akashusha kamba mbili zilizokuwa na kitambaa kimoja cha maua, akazilaza kwenye mkeka.

"Hizi ni zangu. Hii nilijipima niko na mimba ya mutoto wa mwisho. Hii ni ya mwaka huu. Soma."

Nikapiga magoti nikasoma kwa vidole. Kamba ya mimba: mbele ndefu, ndefu sana, nyuma ileile ya zamani, mkono uleule. Kamba ya mwaka huu: mbele imeongezeka, nyuma imeongezeka karibu sawa na mbele, kifua kimeshuka vidole viwili, na mkono umenenepa. Ukizipima kwa kuzungusha mara moja, zote mbili zilikuwa na jumla moja. Metre yangu ya manjano isingeziona tofauti.

"Mwili wa mama mukubwa haujaze kama mutungi," akasema. "Unaongezeka huku, unapunguka huku. Makalio yanaisha, mugongo unafanya mafuta, mabega yanainama mbele. Namba moja haiwezi kukuambia kitu. Na hii?" Akagusa kitambaa kilicholowa shingoni. "Ulifikiri ni nini, miaka yote minane?"

"Fasheni."

Alicheka mpaka kibweta cha sindano kikaanguka. Kisha akanieleza: joto linaloanza chini ya kifua na kupanda hadi masikioni, jasho, halafu baridi, mara sita kwa siku, miaka na miaka. Usingizi unaokatika. Hasira zisizo na mwenyewe. Na mwezi unaokosekana, unarudi, unakosekana tena, mpaka mwanamke mwenyewe anaogopa anaweza kuwa na mimba.

"Kwa nini haukuniambia?"

"Haukuuliza. Weye ulikuwa unauliza sindano."

Mama yangu mzazi hakuwahi kunieleza hayo, na miaka yote niliyomtembelea Sange sikuwahi kumuuliza pia. Nilikuwa nimeuliza magari yanakwenda wapi, mvua inatoka upande gani, samaki wanalala saa ngapi. Mwili ambao ningeuvaa mwenyewe sikuuliza.

Mama Sifa akachukua sufuria yangu, akaitundika kwenye msumari wa kamba. "Hii inabaki hapa. Weye unarudi Luberizi leo. Utasema kwa kinywa kilekile."

Jumapili nilifika uani kwa Mama Feza watu wakiwa wamekwisha kukaa. Wanaume walikuwa kwenye viti, Kashindi katikati na shati la misa. Mama Feza alikuwa kwenye mkeka na mtoto wake wa mwisho, msichana aitwaye Zawadi. Pembeni, mlangoni, aliketi mama mkwe wake, mama yake Kashindi, kikongwe waliyemwita Koko, ambaye hakuna aliyekuwa amemwuliza kitu.

"Fundi amekuja mwenyewe," Kashindi akasema. "Vizuri. Ambia bantu ulipima nini."

"Nilipima vibaya," nikasema. "Nilisema neno la kuchekesha bantu, na sikujua ninachosema. Naomba kupima tena."

"Weye ni daktari?"

"Hapana. Lakini ulisimama hapa ukasema fundi alipima, na haukuniita daktari."

Mmoja wa ndugu alikohoa ili asicheke. Nikamwomba Mama Feza aniletee libaya yake ya zamani, iliyomkaa vizuri kabla ya mabadiliko haya. Hakusogea. Zawadi ndiye aliyeingia ndani, akatoka na libaya ya bluu ambayo mama yake alivaa siku ya kumaliza matanga ya baba. Niliifumua pale pale mbele ya wote. Kufumua ndiyo kazi niliyojifunza kwanza. Nikalaza kipande cha mbele, kipande cha nyuma na mkono wa nguo kwenye mkeka. Kisha nikatoa uzi wa nyavu.

"Ndani," akasema Koko, akisimama kwa shida. "Muntu hapimwi mbele ya wanaume. Na minye naingia."

Chumbani Mama Feza aliinua mikono bila kunitazama. Nikapima, nikafunga mafundo manne. Koko akayapapasa moja moja. Nikasema, "Mama Feza, naomba ruhusa niyaseme nje."

"Jumanne ulisema bila ruhusa."

"Ndiyo, mama."

Mama Feza akashusha mikono.

"Sema," akasema.

Tukatoka. Nikalaza kamba juu ya vipande vya libaya ya bluu. Mbele ilipita kitambaa vidole vitatu. Nyuma ilipita vidole vitatu. Begani hadi kifua, kidole kimoja na nusu. Mkono, kidole kimoja. Nikaeleza nilichofundishwa jana yake kwenye mkeka wa Mama Sifa.

Kashindi akasema hayo ni mambo ya wanawake, hayaeleweki.

"Yanaeleweka," akasema Koko. "Kashindi, mutoto anakaaka mugongoni kabla ya kuzaliwa?"

"Hapana, mama."

"Anakaaka mu mukono?"

Koko akaingia ndani tena, akakaa muda mrefu kidogo, akatoka na libaya yake kuukuu, ya rangi ya kahawia, yenye vipande viwili vya kitambaa kingine vilivyopachikwa mbavuni toka kwapani hadi chini. Akaitupa kwenye magoti ya mwanawe.

"Nilitia hivi nilipokuwa kama yeye. Baba yako naye alisema nina mimba. Alinunua kuku wa kunilisha nikizaa. Tulingojea. Yule kuku alikufa kwa uzee, na weye mwenyewe ulilia kwa sababu ulikuwa umemuzoea. Ulisahau?"

Ndugu wote wawili walicheka sasa, wazi. Kashindi alishika ile libaya kama mtu aliyeshikishwa mtoto asiye wake, na baada ya muda akaikunja, vizuri, kingo juu ya kingo, akamrudishia mama yake kwa mikono miwili. Mpunga ule Mama Feza aliuvuna mwenyewe, na nyumba ilibaki yake.

Nilipokwisha kukusanya uzi wangu, Mama Feza alinifuata hadi mlango wa ua.

"Nimepona," akasema. "Lakini kinywa chako njo kilinitia mu ile taabu. Mbele ya benchi lile, fundi. Bantu watatu." Nikamtolea tabasamu la hofu, hakulipokea. "Kikwembe changu cha kijani nitamupelekea mwingine."

Na akampelekea. Nilikaa Luberizi miaka minne zaidi, muda mrefu kuliko nilivyotaka, kwa sababu niliona kuondoka haraka kungekuwa kukimbia mara ya pili. Alipita mbele ya kibaraza changu kila siku ya soko. Alinisalimia, kwa kuwa ni mtu wa adabu. Hakuingia. Kamba yake nilifunga kipande cha uzi wa bluu wa ile libaya niliyofumua, nikaitundika msumari wa kwanza. Metre ya manjano nilifungia mzigo.

Baada ya hapo nilishona hadi mwaka huu, Sange, Kiringye, tena Uvira, na wateja wangu wakuu wakawa akina mama wa miaka arobaini na tano kwenda mbele. Vijana wana mafundi wengi. Haya ndiyo niliyojifunza kwao, yachukueni. Pensi ya kifua, ule mkunjo unaokipa kifua mahali pake, ishushwe kadiri kifua kilivyoshuka, vinginevyo nguo inaelekeza mahali ambapo hakuna mtu. Mabega yakiinama, mgongo unataka kitambaa kirefu na mbele kifupi. Bitana ya nailoni msiitie kwa mama anayetokwa na jasho, tieni pamba, na shingo iachwe wazi kidogo. Zipu ya mgongoni ihamishiwe ubavuni, kwa sababu bega nalo linakataa kufika nyuma, na si kila mtu ana mume wa kumfungia, na wengine wanaye lakini hawataki kumwomba. Mtu akiingia na kusema "nguo imerudi kwa maji", mwambieni ndiyo, sabuni za siku hizi ni mbaya, halafu fungueni vidole viwili.

Kuna miaka pia ambayo kamba zote zilifupika. Mnaijua, sitaieleza. Tulipokimbilia upande wa pili wa mpaka niliacha mashini na kubeba kamba, watu wakanishangaa. Tuliporudi nilipima akina mama walewale na sikusema kitu. Nilibana nguo kwa sindano ndefu, mishono ya muda, inayofumuka kwa kuvuta uzi mmoja, kwa sababu niliamini watarudi kwenye miili yao. Wengi walirudi. Sijawahi kufurahia kufumua kama mwaka ule.

Na mimi? Fundi huvaa mabaki. Kamba yangu mwenyewe sikuwahi kuifunga. Nilipofika miaka arobaini na tisa nilianza kulalamika juu ya bati la kibaraza cha Uvira, kwamba linawaka. Nilitaka kulibadilisha kwa nyasi. Mteja mmoja, muuza ndagala, alinisikiliza wiki nzima.

"Fundi," akasema, "bati iko ileile. Weye njo umebadilika."

Nikacheka, nikaenda kulowesha kitambaa, nikakiweka shingoni. Mama Sifa alikuwa amekwisha kutuaga miaka mingi. Nilitamani anione na fasheni yangu.

Mwaka huu magoti yalikataa kabisa mashini. Mlinisaidia kurudisha kamba kwa wenyewe, nyumba kwa nyumba, na kwa watoto wa waliokufa. Mnakumbuka wengine walilia, na mmoja alijifunga ya usichana wake kwenye kifundo cha mkono akasema siku hizi inamtosha huko tu. Mwishoni ilibaki moja, yenye uzi wa bluu. Nilisikia mwenye kamba alihamia zamani kwa binti yake Zawadi, kusini, Makobola. Niliwaambia sitamtafuta.

Asubuhi ile mliyokuta kibaraza kimefungwa sikuwa na mpango wowote. Niliondoka kama nilivyozoea, nikafuata barabara ya ziwa na kitambaa changu cha maji shingoni, milima mkono wa kulia na maji mkono wa kushoto, mara kwa miguu, mara nyuma ya pikipiki. Sikuwa naenda mahali. Ila kamba ilikuwa mfukoni, na mtu asiyekwenda mahali hana haja ya kuulizia njia mara tatu.

Zawadi nilimkuta anaanua ndagala kwenye nyavu za kukaushia. Mwanamke mzima sasa, kitambaa cha maji shingoni. Hakunitambua. Mama yake, aliyeketi kwenye kiti kidogo kando ya ukuta, alinitambua kabla sijasalimu.

"Huyu ni fundi wa Luberizi," akasema. "Amezeeka."

"Ndiyo, mama. Nimekuletea kitu chako."

Nikampa kamba kwa mikono miwili. Akaipapasa fundo kwa fundo. Alikuwa amepungua, mdogo kama msichana, mikono mikubwa tu ndiyo iliyobaki ileile. Zawadi akauliza ni kitu gani. Mama yake akasema, "Ni mugongo wangu," akaendelea kuipapasa.

Kisha akasimama. Akashika ukuta kwa mkono mmoja, na wa pili akauinua taratibu.

"Pima," akasema.

Nilikuwa na uzi, siku zote nina uzi. Nikaanzia ubavuni, nikapita mbele, nikafunga. Nikapita mgongoni, nikafunga. Begani, mkononi. Kamba mpya ilikuwa fupi sana mkononi mwangu. Watu wa jirani walikuwa wamesimama kutazama, kama watatu hivi.

"Mumepata ngapi?" mmoja akauliza akicheka.

Mama Feza alinitazama. Nikaunganisha kamba mpya na ya zamani, nikaifunga na ule uzi wa bluu, nikamwekea kiganjani na kukifunga kiganja. Sikusema kitu.

Macho yake yakacheka.

"Zawadi," akasema, "tandika mukeka mwingine kule ndani, pembeni ya dirisha. Kunapita hewa. Huyu naye anasikiaka joto."